Mwezi wa Kupima Kivuli

Chuo kilipofungwa mwezi Agosti 2025 nilipanda kwa shangazi yangu Moshi, mtaa wa Majengo, nikakaa huko mpaka mwezi ukaisha, nikienda na kurudi Arusha kila nilipopata nauli ya Kosta. Nasoma usanifu majengo. Kwenye begi nilikuwa na tepu ya kupimia, chaki, daftari, kitabu cha mashairi na kamera ya mkanda aliyoniachia baba mdogo. Picha za majengo nilipiga, tena nyingi, lakini kazi iliyonikaa moyoni ni ya kupima kivuli. Siku hizi mtu akiniuliza jengo fulani ni zuri au la, naanza kwa kuuliza watu wanakaa wapi saa saba mchana.

Kamera yenyewe ni Pentax K1000. Kampuni ilianza kuzitengeneza mwaka 1976 ikaacha 1997, na kwa muda wote huo hazikubadilika sana: vyuma, kioo, pazia la kitambaa linalofunguka na kufunga. Ina betri moja ndogo, na kazi ya betri hiyo ni kulisha sindano ya kupimia mwanga tu. Betri ikifa, kamera inaendelea kupiga. Ukichungulia unaiona sindano upande wa kulia. Mwanga ukizidi inapanda, ukipungua inashuka, na ikitulia katikati unaambiwa piga. Mikanda yangu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, Ilford HP5, kasi 400, kila mmoja picha 36. Huku kwetu kuipata si rahisi, hivyo niliitumia kwa adabu.

Aliyenifundisha kuitumia ni mzee mmoja mwenye studio ndogo ya picha za pasipoti si mbali na soko. Shangazi alinielekeza kwake kwa sababu ndiye aliyepiga picha za harusi yake, enzi ambazo picha zilikuwa zinasafishwa chumba cha nyuma na wateja wanasubiri wiki nzima. Siku hizi ana kompyuta na printa, lakini tenki la kusafishia mikanda bado lipo juu ya kabati, limefunikwa kwa kitambaa.

"Shikamoo Meku."

"Marahaba, mama. Hiyo kamera umeitoa wapi?"

Nikamweleza. Akaichukua, akaifungua mgongo, akapuliza vumbi, akazungusha pete ya lenzi huku ameisogeza sikioni. Kisha akanitoa nje, akaniambia nielekeze kamera mtaani na nimsomee sindano inasemaje. Nikaielekeza barabarani, penye jua. Akatikisa kichwa.

"Usipime anga, binti yangu. Pima pale penye kivuli unapotaka paonekane. Penye jua mwanga upo wa kutosha, patajitafutia."

Sababu yake ni ya kikemia, naye aliieleza vizuri kuliko kitabu chochote nilichowahi kushika. Mkanda umepakwa chembechembe zenye madini ya fedha. Mwanga ukizigusa zinabadilika, na dawa ikija baadaye inazigeuza kuwa nyeusi. Kivuli kisipopata mwanga wa kutosha, chembe zake hazibadiliki, na mahali pale mkanda unabaki kioo kitupu. Hakuna dawa duniani itakayorudisha kitu ambacho hakikuingia. Penye jua kali ni tofauti: pakizidi, unaweza kupunguza muda wa dawa ukapatuliza. Kwa hiyo mpiga picha wa mkanda anatangulia kukijali kivuli.

Mimi nikaondoka na somo jingine ndani ya hilo. Kama kamera inapima kivuli, basi naweza kulipima jengo kwa kamera. Kwa mkanda wa kasi 400, kanuni ya zamani inasema jua likiwa kali weka shata, yaani muda wa pazia kufunguka, 1/500 ya sekunde, na tundu la lenzi f/16; namba ya f ikipungua, tundu linakua. Nikaingia chini ya veranda ya duka la karibu, nikaelekeza kamera ukutani bila kugusa shata. Sindano ikataka f/4. Kutoka f/16 mpaka f/4 ni hatua nne, na kila hatua inakata mwanga nusu, hivyo pale chini ya bati mwanga ulikuwa umepungua mara 16 kulinganisha na pale nje karibu tu. Nikaandika kwenye daftari. Tangu siku hiyo sikupita veranda bila kuisoma.

Na Moshi ni mji wa veranda. Majengo ya zamani ya katikati ya mji, mengi yakiwa yamejengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, yana maduka yaliyorudi nyuma na paa lililotangulia mbele juu ya nguzo, kiasi kwamba mvua ikinyesha unaweza kutembea mwendo mrefu bila kufungua mwavuli. Chini ya mapaa hayo wanakaa mafundi cherehani. Wengine wamekaa hapo miaka, cherehani ya kukanyaga mbele, vitambaa vya vitenge vimening'inia nyuma, mteja anapimwa akiwa amesimama njiani watu wakimpisha.

Fundi mmoja alinivumilia sana. Nilimwomba ruhusa ya kupiga picha, akakubali kwa sharti nimletee nakala, na akaniuliza kwa nini napima sakafu. Nikamwambia nataka kujua jua linaingia mpaka wapi. Akacheka akasema nimuulize yeye. Akanionyesha kwa mguu: asubuhi cherehani inakaa hapa ukingoni ili apate mwanga wa kutunga uzi, ikifika saa tano anaisogeza ukutani, saa tisa anairudisha. Duka lake linatazama kaskazini, na mtaa ule unakwenda takriban mashariki na magharibi.

"Ukija mwezi wa kumi na mbili, sisi huku hatuna shida kabisa," alisema. "Jua linahamia upande wa pili. Wale wenzetu wa ng'ambo ndio wanaohangaika, na sisi tunawacheka. Mwezi huu wanatucheka wao."

Darasani nilijifunza hili kwa michoro ya duara na pembe. Moshi iko kusini ya ikweta kama nyuzi 3 na kidogo. Agosti inapoanza, jua la utosi linakuwa limeegemea kaskazini karibu nyuzi 21. Desemba linaegemea kusini karibu nyuzi 20. Nyumba ya huku haina upande mmoja wa jua kama zile zilizo kwenye vitabu vya Ulaya. Pande zote mbili zinapokezana. Fundi analijua hilo kwa kiti chake, na mimi nilifurahi kupita kiasi kuona hesabu yangu na mguu wake vinakutana mahali pamoja.

Tulihakikisha kwa chaki. Jua la utosi Moshi halifiki saa sita kamili, kwa sababu saa yetu inafuata longitudo ya nyuzi 45 na Moshi iko magharibi yake, kwenye 37 hivi. Agosti ni kama saa sita na dakika thelathini na tano. Wakati huo, mawingu yaliporuhusu, nilichora mstari pale jua linapoishia sakafuni. Ukingo wa paa uko mita 3 juu, kina cha veranda mita 2 na sentimita 10. Siku za mwanzo wa mwezi mstari ulikuwa mita moja na kidogo kutoka ukingoni. Mwezi ulipokuwa unaisha ulikuwa umerudi kwenye sentimita 65 hivi. Mistari ile ilikaa pale sakafuni wiki nzima kwa sababu fundi aliwakataza watoto kuifuta, na wateja wake wakaanza kuulizana ni ya nini.

Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya pale: mkono wa fundi juu ya gurudumu la cherehani, nusu ndani ya jua, nusu kivulini, na mstari wa chaki chini ya kanyagio.

Kutoka pale si mbali na jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Nilikuwa nimepita mbele yake tangu utotoni bila kujua lilichorwa na nani. Ni Ernst May. Huyu ndiye Mjerumani aliyesimamia ujenzi wa mitaa mipya ya makazi Frankfurt katika miaka ya 1920, akaenda Umoja wa Kisovyeti kupanga miji, kisha mwaka 1934 akaja Tanganyika akalima kahawa karibu na Arusha kabla ya kurudi kwenye kazi yake ya kuchora. Jengo la Moshi ni la mwishoni mwa kipindi chake Afrika Mashariki, miaka ya mwanzo ya 1950. Nasema wazi kwamba jina lake si sababu ya mimi kulithamini. Kinachonigusa ni mwenye nyumba: wakulima weusi, wakati wa ukoloni, kwa fedha ya kahawa yao wenyewe, waliagiza ghorofa katikati ya mji kutoka kwa msanifu aliyekuwa na jina duniani. Chuoni tunafundishwa kana kwamba usanifu wa kisasa uliletwa kwetu na serikali. Hapa ulilipiwa na watu wenye migomba na kahawa kihambani.

Arusha nilikwenda kwa barabara. Reli ipo: kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya vita ya kwanza ya dunia, ikafika Arusha mwaka 1929, na baada ya kulala kwa miongo treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha 2020. Lakini mwanafunzi anafuata Kosta, anashuka anapotaka. Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa River, Tengeru, na hewa inabadilika, maana Moshi iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na Arusha karibu 1,400. Agosti Arusha ni baridi. Kule watu wanalitafuta jua mpaka saa nne asubuhi, na veranda nzuri ya Moshi ingewagandisha. Hilo nalo niliandika: kivuli kinachofaa mji mmoja si lazima kifae mji wa kilomita 80 mbele.

Majengo ya Arusha niliyapitia haraka. Boma la Wajerumani, la mwaka 1900, sasa makumbusho: kuta nene, madirisha madogo, limejengwa na watu walioogopa walio nje. Kituo cha mikutano, AICC, chenye mabawa matatu ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, kilichojengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Ukumbi mdogo wa Kaloleni ambao sasa ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Huu wa mwisho ulinishika. Ni jengo la kawaida kabisa, paa la kawaida, ukubwa wa ukumbi wa kijamii wa mtaa wowote, na bado jina lake limefungwa na tamko la Februari 1967 lililogeuza nchi nzima. Napenda kwamba hawakulivunja wajenge kubwa zaidi.

Hatua chache kutoka hapo kuna Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na hapa kitabu kilichokuwa begini kilipata mahali pake. Mashabiki wengi wanalitaja jina hilo kila wiki bila kujua kwamba ni la mshairi. Sheikh Kaluta Amri Abeid alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, baadaye waziri wa sheria, akafariki mwaka 1964. Mwaka 1954 alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Ndicho nilichokuwa nakisoma asubuhi kwenye Kosta na jioni kwa shangazi. Ni mwalimu mkali. Anataka vina vikae, mizani itimie, mshororo wa mizani 16 ukatike nane kwa nane, na anakuonyesha kwa mifano jinsi unavyokatika. Kuna wanaosema kuhesabu kunaua uzuri. Mimi nilisoma kurasa zile nikiwa na chaki mfukoni na nikaona nina ndugu. Aliyehesabu silabi zake mpaka mwisho ndiye mashairi yake yanaimbika.

Niliomba kuingia uwanjani siku ambayo vijana walikuwa wanafanya mazoezi, nikakaa jukwaa kuu chini ya paa, kisha nikavuka nikakaa upande usio na paa. Sindano ilinisomea tofauti, lakini mwili ulishajua. Mechi zetu nyingi zinaanza saa kumi alasiri. Saa hiyo jua liko magharibi, bado juu kiasi cha kuchoma, na aliyekaa mashariki analipokea usoni kipindi kizima cha kwanza. Ndiyo maana viwanja hulazwa kaskazini na kusini, ili jua la jioni lisimpige golikipa yeyote machoni. Mchezaji amefikiriwa. Mtazamaji wa mzunguko, aliyelipa kiingilio kwa pesa ya kibarua, mara nyingi hakufikiriwa.

Ndondo, mpira wa mtaani, haina anasa ya kuchagua uelekeo. Uwanja mmoja wa mtaani niliokuwa nautazama jioni Moshi umelazwa mashariki na magharibi kwa sababu ndivyo kiwanja kilivyobaki kati ya nyumba na korongo. Nahodha akishinda sarafu hasemi anataka mpira. Anaanza na goli lililo mashariki, ili kipindi cha pili, jua likishashuka, wapinzani na golikipa wao wawe wanatazama jua. Mabao ya mipira ya juu katika dakika za mwisho yana uhusiano mkubwa na jua kuliko na golikipa. Watoto waliokuwa wananifuata kwa ajili ya kamera walilijua hilo wote. Mmoja alinieleza kwa uzito kama kocha: "Dada, kipindi cha kwanza unapiga chini, cha pili unapiga juu."

Mwezi huohuo ulikuwa mwezi wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na mechi za Taifa Stars niliziangalia kwenye kibanda umiza. Shangazi hakupenda, nikaenda na binamu yangu. Mabenchi, bati juu, magunia yameziba kila penye upenyo, televisheni mbele, joto la watu. Tarehe 2 tuliwafunga Burkina Faso 2-0. Dhidi ya Mauritania tulisubiri mpaka dakika za mwisho Shomari Kapombe akafunga, na binamu yangu akakumbatiana na mtu asiyemfahamu. Nilijaribu kupiga picha humo ndani: lenzi wazi kabisa f/2, shata 1/30, na mwanga wote unatoka kwenye skrini. Nyuso zinaonekana mpira ukiwa kwenye majani, kwa sababu skrini inang'aa. Kamera ya uwanjani ikionyesha jukwaa lenye giza, kibanda kizima kinazimika. Basi nilipiga kila tulipokuwa tunashambulia. Tarehe 22 Morocco wakatutoa robo fainali kwa bao moja, na ile mechi sikupiga picha hata moja, nilikuwa naangalia mpira.

Hapa nina jambo la kusema kwa wanaojenga. Arusha inajengewa uwanja mpya wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, tutakayoandaa pamoja na Kenya na Uganda. Nautakia heri, na natamani kuingia siku ya kwanza. Lakini wageni wataondoka baada ya mwezi mmoja. Watakaobaki ni watu wanaosubiri nje ya geti saa saba mchana, wauza maji, mama wa chapati, vijana wa bodaboda. Gharama ya kuwawekea paa la mita mbili na nusu ukutani kwa nje ni ndogo kuliko kiti cha wageni maalum. Nimepima, najua inavyowabadilishia siku.

Nina wasiwasi huohuo na Moshi. Veranda zinafungwa. Mwenye duka anaweka geti la chuma kati ya nguzo na nguzo, anaongeza chumba, anapangisha. Namwelewa, kodi ni kodi. Lakini mtaa mzima ukifanya hivyo mafundi wanahamia juani chini ya miamvuli, na mpita njia anashuka barabarani kwenye magari. Sheria za ujenzi zinahesabu eneo la ndani kwa uangalifu mkubwa. Njia yenye kivuli mbele ya duka ningependa ihesabiwe kwa uangalifu huohuo, na ilindwe.

Wiki ya mwisho tulisafisha mikanda. Mzee alitaka dawa iwe nyuzi 20, na maji ya bomba ya asubuhi yalikuwa karibu na hapo; Dar es Salaam ningehitaji barafu. Muda wa kawaida kwa dawa yake ni dakika saba na nusu, lakini kwa jua nililolipiga alisema tukate, tukaishia sita. Alitingisha tenki kila dakika huku anahesabu kwa Kichaga chini ya pumzi. Akamimina, akaweka dawa ya kukazia, akaosha, akauchomoa mkanda na kuuinua dirishani. Akaupitia picha kwa picha bila kusema. Kwenye kiganja cha fundi alisimama.

"Kivuli umekipata," akasema. "Ona, mpaka nyuzi za kitambaa."

Nakala nilimpelekea fundi kama nilivyoahidi. Ameibandika ukutani juu ya kalenda.

Mradi wangu wa mwaka huu ni stendi ndogo ya daladala yenye vibanda vya mafundi na wauza chakula, na kiwanja nilichochagua kiko Moshi. Veranda ina kina cha mita 2 na sentimita 20, ukingo wa paa mita 2 na sentimita 70, na pande za mashariki na magharibi nimeweka matofali yenye matundu kwa sababu jua la asubuhi na jioni linaingia chini ya paa lolote. Nilimtumia fundi mchoro kwa simu, nikamwekea alama mahali cherehani itakapokaa kila saa. Akanipigia usiku.

"Kivuli kiko sawa mwanangu. Sasa pasi nitachomeka wapi?"

Nimeongeza soketi mbili kwenye kila kibanda, moja ukutani na moja kwenye nguzo ya mbele, kwa ajili ya miezi anayosogea.